Siku Chupa ya Evodius Ilipolia

Mnaonisoma kila Jumapili mnajua nilipofikia. Shule niliyokuwa nikifundisha ilinifukuza kwa sababu ya mdomo wangu, nikarudi Mlabani kwa wazazi nikiwa na begi na vitabu vya fizikia. Baba, Mzee Ponsiano, akanikabidhi mashine yake ya kukoboa mpunga. Nikaiendesha, na kwa injini ile ya dizeli nyumba nzima ikala na kuvaa.

Halafu mdogo wangu Digna akaleta mchumba.

Jina lake Evodius. Mtu wa Masagati, lakini ukimsikia anavyoongea utadhani kazaliwa ndani ya ndege. Anavaa koti la suti katika joto la Ifakara, jasho linamtiririka mpaka ndani ya viatu, na koti havui ng'o. Kila nikimwona nilikuwa nasonya kimoyomoyo. Siku nyingine nilisonya kwa sauti, mama akanikanyaga mguu.

Sasa sikilizeni alichotuletea mwaka ule wa tisini na tatu, msimu wa mavuno, magunia ya watu yamepanga foleni mpaka barabarani.

Alituletea chupa.

Chupa ya kioo kinene, mdomo mpana, imejaa maji. Ndani mna vijiti viwili vya metali vilivyofungwa waya, na waya zinakwenda kwenye betri ya gari. Aliiweka sebuleni mbele ya baba kwa adabu zote, akarudi nyuma hatua moja, akafunga kifungo cha koti.

"Shika, baba mkwe."

Baba akashika. "Ina joto."

"Moto unauona?"

"Siuoni."

"Hakuna moto, mzee wangu! Hakuna kuni, hakuna dizeli. Ni maji maalumu na metali moja inaitwa paladi. Ndani ya hiki kijiti, viini vya hidrojeni vinaungana vyenyewe. Ni nguvu ileile ya jua, ila hii ni ya baridi. Wazungu waliitangaza kule Marekani, dunia ikashika kichwa. Wenye visima vya mafuta ndio wakaizima habari."

"Na hiyo betri ya nini?" nikauliza kutoka mlangoni. Nilikuwa nimetoka mashineni, vumbi la mpunga limenijaa mpaka kwenye kope.

"Ya kuamshia tu, shemeji."

"Kuamshia! Hata mimi ukinifunga kwenye betri nitapata joto, shemeji. Utaniuza na mimi?"

Digna akanikata jicho. Baba akakohoa kuficha kicheko.

Lakini hakucheka muda mrefu, kwa sababu Evodius alikuwa amekuja na mpango kamili, na mpango wenyewe ulikuwa huu: injini yetu iuzwe. Fedha zikanunue paladi ya kutosha, atengeneze chupa kubwa kama pipa, na pipa hilo liendeshe mashine yetu mpaka wajukuu wazeeke. Mnunuzi alikwishamleta. Aliketi palepale sebuleni, Shilinde, mfugaji wa Kisukuma wa ng'ambo ya mto, mtu mkimya mwenye ng'ombe wengi na shida kubwa ya maji. Alitaka injini ya kupandishia maji kwenye birika la mifugo.

"Dizeli inanimaliza, Marsiana," baba akaniambia. "Wiki hii tumekaa siku ngapi mashine imezimwa?"

"Kwa hiyo tukoboe mpunga kwa maji ya uvuguvugu?"

"Kijana ana elimu."

"Elimu! Baba, huyu ana koti."

"Shemeji," Evodius akasema taratibu, akinitabasamia kama padri anayemsamehe mlevi, "sayansi mpya ina maadui wengi. Sikulaumu. Uliishia kufundisha sekondari."

Hapo ndipo damu ilinipanda. Niliingia na vumbi langu, nikasimama katikati ya sebule.

"Baba, nisikilize. Viini vya atomu havigusani kama watu wanavyosalimiana. Vikiungana kweli, vinatupa mionzi. Lazima. Inaitwa gama. Haionekani, lakini inapenya kioo, inapenya maji, inapenya hata ukuta huu. Hakuna namna ya kuificha. Kama ndani ya hii chupa mna nguvu ya jua, mionzi itatoka. Kama haitoki, basi mna maji na betri, na shemeji wetu ni tapeli."

"Marsiana!" Mama akang'aka.

"Acha aseme," baba akajibu. "Mionzi hiyo inapimika?"

"Inapimika. Kuna kidude chake. Nitakileta."

Nikamgeukia Evodius. Jasho lilikuwa limeongezeka. "Mionzi ipo, shemeji," akasema, "ila ni midogo mno."

"Midogo ndiyo ninayoitafuta."

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini mimi na mdomo wangu mnatujua. Nikasema mbele ya baba, mbele ya mama, mbele ya Shilinde aliyeshika glasi ya togwa:

"Jumamosi tupime. Kidude kikinyamaza, huyu bwana abebe chupa yake na betri yake arudi Masagati kwa miguu. Kikilia, injini nitaifungua mimi mwenyewe, kwa spana zangu, na nitaipandisha kwenye trela la Shilinde."

Baba akatazama kila mmoja. "Mmesikia wote."

Kwetu neno la mbele ya mgeni ni zito. Hata ukiamka na homa utalitimiza.

*

Kidude nilikipata kwa Ignas. Tulisoma pamoja, na miaka ile alikuwa akifanya kazi na watafiti wa madini waliopiga kambi milimani. Watafiti hao hutembea na vipima mionzi, wakitafuta mawe yenye mionzi.

"Unakitakia nini?" Ignas akauliza.

"Kumfukuzia shemeji."

Akacheka, akanipa, akaniambia nikirudishe salama. Kilikuwa kisanduku chenye mpini, kioo chenye mshale, na spika ndogo inayotoa mlio. Udongo wenyewe tunaoukanyaga una mionzi kidogo, kwa hiyo ukikiwasha tu kinagonga hapa na pale: tak, kimya, tak tak, kimya. Hiyo ni kawaida. Ukikisogeza kwenye kitu chenye mionzi kweli, kinachachamaa.

Nilirudi nacho nyumbani nikipiga mbinja.

Usiku nililala vizuri. Nilijiona kabisa nikimshikia Evodius mlango atoke. Nilikuwa nimeshachagua hata maneno ya kumuagia.

*

Mama yangu akisikia wageni wanakuja, anapandwa na wazimu wa usafi. Jumamosi asubuhi alikuwa amepiga magoti sebuleni akiipaka sakafu dawa nyekundu, amejifunga khanga kichwani, na hakuna mwenye ruhusa ya kupumua karibu. Digna alikuwa ndani pekupeku, akipanga vitambaa vya kufuma. Nyumba yetu kila kitu kina kitambaa: redio ina kitambaa, viti vina vitambaa, hata jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni.

Nikafika mlangoni na kidude changu. Sheria ya kwanza ya kupima, ambayo nimewaimbia wanafunzi mpaka nikakauka koo, ni hii: pima kwanza mahali penyewe pakiwa patupu, ujue pana kawaida gani, ndipo uweke kitu chako upime tena.

Nikanyanyua mguu niingie.

"Ole wako!" Mama akapiga kelele. "Ole wako unikanyagie sakafu yangu na hayo malapa! Haijakauka!"

"Mama, dakika moja tu, napima chumba."

"Chumba kina nini? Kina kipindupindu? Rudi nyuma!"

"Dada, si upime hapo barazani," Digna akasema bila kuinua kichwa. "Nyumba si hiyohiyo?"

Nikafikiri. Kubishana na mama kuhusu sakafu ni kujitafutia laana bure. Na kweli, nyumba ilikuwa hiyohiyo, udongo huohuo, saruji hiyohiyo. Nikaenda kwenye kona ya baraza, nikakiwasha kidude. Tak. Tak tak. Tak. Kawaida kabisa.

Nikakizima. Nikaenda kuoga.

Wageni wakafika. Shilinde alikuja na trekta lenye trela, akaliegesha uani kama mtu ambaye ameshanunua. Majirani wakafika bila kualikwa. Wanawake wenye mpunga wao wakaacha foleni, wakajaza madirisha.

Meza ilikuwa imejaa soda na maandazi, na kitu cha mgeni hakiwekwi chini, kwa hiyo mama alikuwa ameandaa mahali maalumu pa chupa pembeni ya ukuta, penye kitambaa cheupe kilichofumwa maua, kimeshuka mpaka sakafuni. Chupa ikakaa pale kama sanamu ya mtakatifu.

Evodius alikuwa anatafuta pa kutokea.

"Shemeji, hewa ya leo ina unyevu. Unyevu unaharibu."

"Hauharibu."

"Labda tuiache ichemke kwanza mpaka wiki ijayo."

"Unganisha waya, shemeji. Watu wana mpunga wao."

Watu wakacheka. Jamani, nilivyofurahi! Yule mwanaume waya ulimponyoka mara mbili. Hatimaye akaunganisha. Vipovu vikaanza kupanda kwenye kijiti cha paladi.

Nikawageukia watu. Nikawaeleza kwa sauti ya darasani, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kufundisha. "Mlio wa mmojammoja ni wa kawaida, upo kila mahali. Tunatafuta wingi. Kama kidude hakitaongeza mlio, hapa hamna kitu."

Nikakiwasha. Nikapiga hatua kuelekea kwenye chupa.

Tak tak tak.

Nikapiga hatua nyingine.

Takatakatakatakataka! Kidude kikapagawa. Mshale ukaruka, ukaenda kulala upande wa pili wa kioo, ukakataa kurudi.

Evodius akaruka kinyumenyume, akamkanyaga Shilinde. "Kinalia?" akaniuliza mimi, macho yamemtoka. "Shemeji, kinalia kweli?"

Hebu niambieni nyie. Mwenye chupa ndiye anauliza!

Nikarudi nyuma, mlio ukapungua. Nikasogea, ukachachamaa. Nikarudi, nikasogea. Nilipiga kidude kofi, nikakizima, nikakiwasha. Takatakataka. Nilitazama vile vipovu nikatamani kuvitukana.

Evodius akawa amekwisha kujikusanya. Akafunga kifungo cha koti. "Ndugu zangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi na nyongeza, "nilisema nini mimi?"

Mama akapiga kigelegele. Madirisha yote yakaitikia.

Baba hakuitikia. Aliinua mkono, kelele zikatulia. "Marsiana. Mionzi ipo au haipo?"

Ningeweza kusema kidude kibovu. Lakini nilikuwa nimekipima mwenyewe asubuhi, na sijawahi kudanganya kipimo.

"Ipo, baba."

"Umehakikisha?"

"Ipo."

Baba akashusha pumzi ndefu, akatazama chini. "Basi kachukue spana."

*

Nilifungua injini ile nati kwa nati, watu wamenizunguka. Mama mmoja alikuwa amekalia gunia lake. "Mwalimu, na mpunga wangu je? Nimeuleta kutoka Kisawasawa."

"Subiri pipa la Evodius," nikamjibu, na machozi yalikuwa yanataka kutoka, nikayazuia kwa hasira.

Nilipovua mkanda, mashine ikabaki ganda tupu. Nilikuwa naijua injini ile kuliko nilivyowahi kumjua mtu. Nilijua inavyokohoa asubuhi, nilijua inapenda ipigwe mara ngapi kabla ya kuwaka. Vijana wa Shilinde wakaingiza magogo chini yake, wakaisukuma mpaka kwenye trela. Kama nilivyoahidi, nami nikasukuma.

Evodius alikuwa uani amebeba chupa kifuani, akizungushwa kwa majirani. Mtu mmoja aliomba aiguse ili mgongo upone. Akaguswa nayo! Nikasonya hata ndege juu ya bati wakaondoka.

Nikaingia ndani kuchukua kidude nikakirudishe kwa Ignas. Sebule ilikuwa tupu. Nikakiwasha, sijui kwa nini, labda kwa uchungu tu.

Takatakatakatakataka!

Chupa haikuwepo. Chupa ilikuwa uani, ikitibu migongo. Na kidude kinapiga kelele kwenye kitambaa cheupe.

Nikakinyanyua kitambaa.

Chini yake palikuwa na katoni. Kubwa, kuukuu, iliyokuwa stoo tangu baba alipofunga duka lake la zamani. Nikaifungua. Ilikuwa imejaa visoksi vya karabai, vile vya kuvalisha kwenye taa vikaungua na kuwaka vyeupe. Pakiti juu ya pakiti, mamia.

Nilikaa chini kwenye sakafu nyekundu.

Visoksi vile vina torio ndani yake. Torio ni metali yenye mionzi, nayo ndiyo inayovifanya viwake sana. Kimoja kinagongesha kidude kidogo. Katoni nzima inakitia wazimu. Nalijua hilo. Nimelifundisha hilo! Na mimi, bingwa wa sheria ya kwanza, nimepima baraza nikaacha chumba, kwa kuogopa kukanyaga sakafu mbichi ya mama yangu.

"Mama!" nikaita. Alikuwa jikoni. "Hii katoni imefikaje hapa?"

"Mimi nimefunika kitambaa tu, ilikuwa imeshawekwa. Kwani imechafuka?"

Nje, trekta likawaka.

*

Nilitoka mbio, katoni kichwani, kidude mkononi, upande mmoja wa khanga unaburuta.

"Zima! Zima trekta! Shilinde, zima!"

Akazima. Nikatua katoni katikati ya uwanja. "Njooni muone. Wote njooni." Nikasogeza kidude kwenye katoni: takatakatakataka. Nikamfuata Evodius alikokuwa, nikakibandika kwenye kioo cha chupa yake.

Tak. Kimya. Tak.

"Mmesikia? Chupa imenyamaza! Kilichokuwa kinalia ni visoksi vya karabai vya baba, vilikuwa chini ya chupa. Nilikosea mimi. Nilikosea, nasema mbele yenu. Sikupima chumba. Hii chupa ni maji na betri!"

Halafu mtu akaanza kucheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Yule mwenye mgongo akamtazama Evodius vibaya. Nikaona uso wa Evodius ukinywea, nikaanza kuionja raha.

Lakini tapeli hafi haraka. Alifumba macho kidogo, akayafumbua, akanyoosha kidole kwenye katoni.

"Ndugu zangu! Huo si ushahidi mwingine? Chupa yangu imekaa juu ya katoni hiyo asubuhi nzima. Imeiambukiza! Nguvu imeshuka, imeingia kwenye visoksi. Hiyo chupa imetulia sasa kwa sababu nimechomoa betri. Mwalimu mwenyewe alituambia mionzi inapenya kila kitu. Sasa imepenya, analalamika?"

Jamani! Watu wakaguna kwa kukubali. Wale wale.

Shilinde akashuka kwenye trekta. Ni mtu wa haki, sina neno naye. "Mwalimu," akasema, "inawezekana? Kitu kukaa karibu na mionzi, kikapata mionzi?"

"Kwa gama, haiwezekani."

"Na kwa nyingine?"

Mungu wangu, kwa nini sikufunga mdomo. "Kuna inayoitwa nyutroni," nikasema. "Hiyo ikikipiga kitu kwa muda, inaweza kukifanya nacho kitoe mionzi, lakini..."

"Inaweza!" Evodius akapaza sauti. "Mwenyewe amesema inaweza!"

"Lakini hapa haikuwa..."

Hakuna aliyesikia lakini yangu. Wanawake wa madirishani walikwisha kupiga vigelegele.

"Asubuhi ulisema ipo," Shilinde akaniambia, bila ukali. "Mchana unasema haipo. Kisha unasema inaweza. Nikuamini Mwalimu yupi? Mimi nimeshatoa malipo, na ng'ombe wangu wana kiu." Akaweka mguu kwenye ngazi ya trekta.

Ndipo baba alipotoka kwenye kivuli cha banda la mashine. Alitembea polepole, akasimama mbele ya tairi la mbele, akaweka mkono juu ya bodi.

"Usiwashe kwanza," akamwambia Shilinde. Akanigeukia. "Marsiana, huyu kijana mimi sijamwamini hata siku moja."

Evodius akafungua mdomo, baba hakumtazama.

"Mtu anayevaa koti kwenye jua namwaminije? Nilikubali jaribio kwa sababu nilijua wewe utamtoa. Nilikuwa nangoja tu umtoe, Digna asiseme ni baba kamkataza kuolewa. Uliposema mionzi ipo, niliuza injini yangu kwa neno lako, si kwa neno lake." Akaipapasa bodi ya trekta. "Kwa hiyo sasa nataka kitu kimoja. Hiyo katoni ilikuwa na mionzi kabla ya chupa kuikalia?"

"Ilikuwa nayo, baba. Tangu dukani."

"Nani shahidi? Nani aliyejua hivyo kabla ya leo, asimame aseme. Akipatikana mmoja, injini inashuka, na malipo ya Shilinde nayarudisha sasa hivi. Asipopatikana, neno la mbele ya watu limeshasemwa, na iende."

Nikatazama watu. Wakatazama chini. Nani aijue torio hapa? Ignas alikuwa milimani.

Mkono ukanishika kiwiko. Alikuwa Digna. Alinisogelea kama anayetaka kunifariji, akaniwekea mdomo sikioni, akanong'ona.

"Katoni niliitoa stoo mimi, dada. Nilijua italia. Ulitufundisha wewe mwenyewe kidato cha tatu, visoksi vya karabai, torio, yote. Siku ile uliponisimamisha nikasahau jibu, ukawaambia darasa kichwa changu kinafaa kubebea ndoo tu. Mdogo wako wa tumbo moja. Nikalikariri hilo somo mpaka leo."

Nikataka kugeuka, akanikaza.

"Wewe unacheka watu kila siku, nikataka leo wakucheke wewe. Leo tu. Sikuiwaza injini, nakuapia. Evodius hajui kitu. Baba akijua nimemuuzia injini yake kwa hila atanitoa kwenye nyumba hii, na wewe unajua sina pengine pa kwenda ila kwa Evodius. Sasa wewe sema unavyotaka."

Akaniachia. Akarudi kusimama pembeni ya Evodius, mikono ameifumbata, uso mkavu, lakini kidevu kinamcheza.

Shilinde alikuwa ameshika ufunguo. Injini ilikuwa juu ya trela, kamba zimeibana. Baba akatazama kwake, akatazama kwangu.

"Marsiana," akasema. "Mdogo wako amekuambia nini?"

Uwanja mzima ukanigeukia, na shahidi alikuwa huyo mmoja tu.